Jeshi lipime mikono pia, na lipime mbele ya wote

Wananchi, vijana wenzetu,

Tarehe 3 Novemba 2022 Rais wa Jamhuri aliongea na taifa na akaomba vijana wajiandikishe kwa wingi mu jeshi. Vijana waliitika kwa maelfu, Goma, Bukavu na mu miji mingine. Tangu siku ile, mu mikutano yetu na ku simu zetu, tunabishana juu ya ulizo moja tu: kijana aende ao asiende? Ulizo la pili tunalisahau, na njo lile linaamua mambo mengi: kijana mwenye anaenda, wanamupima na nini? Nani anaamua huyu atakuwa wa bunduki, yule wa redio, yule wa kuendesha kamio, yule wa kurusha droni? Na anaamua kwa kipimo gani?

Sisi ni harakati ya raia, hatubebi silaha. Hatuandikishi mutu mu jeshi wala hatumuzuii mutu. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 188, inasema jeshi liko kwa utumishi wa taifa lote. Basi namna jeshi linachagua watoto wa taifa ni mambo yetu, haiko siri ya wakubwa.

Leo tunaongea juu ya kipimo kimoja chenye huku kwetu watu hawakiongelei: kupima mikono na macho. Wataalamu wanaita uwezo ule saikomota: jicho linaona, akili inaamua, mukono na muguu vinatii, vyote pamoja na kwa haraka. Mu Marekani wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka 80: mutihani wa jeshi, wenye sasa unafanywa ku ordinatere, upime maneno na hesabu tu, ao uongeze na mikono? Tunachukua mufano wao, hata kama jeshi lao haliko la malaika, juu hesabu zao waliziandika, pamoja na makosa yao, na kila mutu anaweza kuzisoma.

MUTIHANI WA MANENO

Mu 1917, wakati Marekani iliingia mu vita ya kwanza ya dunia, jeshi lake lilipaswa kupanga watu wengi sana kwa haraka. Mutaalamu wa saikolojia Robert Yerkes na wenzake walitengeneza mitihani mbili: Army Alpha kwa wenye kujua kusoma, na Army Beta, ya picha na alama, kwa wale hawakujua kusoma ao hawakujua Kiingereza. Watu karibu milioni 1,7 walipimwa. Kisha vita, mu 1923, Carl Brigham alichukua matokeo yale na kuandika kitabu cha kusema kama watu wa kabila fulani za dunia wamezaliwa na akili kupita wengine. Mu 1930 yeye mwenyewe aliandika kama hesabu zile hazikuwa na musingi. Lakini miaka saba ilikuwa imeshapita, na wabaguzi walikuwa wamekwisha kushiba kitabu kile.

Fundisho la kwanza njo hili: mara mingi mutihani unapima masomo yenye mutu alipata na lugha yenye anasikia, halafu mukubwa anatangaza kama amepima akili.

Leo kijana wa Marekani mwenye anataka kuingia jeshi anafanya mutihani wenye kuitwa ASVAB. Ulianza mu masomo ya sekondari mu 1968, na tangu 1976 majeshi yao yote yanautumia. Toka miaka ya 1990 unafanywa ku ordinatere, na ordinatere yenyewe inakufuata: ukijibu muzuri, inakuletea ulizo la nguvu zaidi; ukikosa, inakuletea lenye kuwa rahisi. Kwa njia hiyo inajua kiwango chako kwa maulizo machache. Ndani kuko hesabu, maana ya maneno, kusoma na kuelewa, sayansi, umeme, magari na makanika. Alama yenye inafungua mulango wa jeshi inatoka mu sehemu nne tu: mbili za hesabu, mbili za lugha.

Muangalie muzuri. Mu mutihani ule wote, vidole viko na kazi moja: kubonyeza jibu. Mutu anaweza kueleza namna injini inazunguka, na mukono wake ukamuangusha siku ya kuigusa. Mwingine hawezi kueleza kitu mu lugha ya masomo, lakini mukono wake haukosi.

Huyu wa pili sisi tunamujua, anapita mbele yetu kila siku. Muangalie kijana wa chukudu wa Goma akishuka na mifuko ya viazi ao ya makala: kigari cha mbao, hakina injini, kiko na muzigo wenye kumupita uzito mara kadhaa. Anapima mwendo na jicho, anafunga na muguu, anapinda na mikono, katikati ya makamio na pikipiki. Muangalie mumotari mu mvua, ku barabara ya mawe, na wateja wawili nyuma. Muangalie dada mwenye kushona ku mashini ya muguu: muguu unasukuma, mikono miwili inaongoza kitenge, jicho haliachi sindano. Ile yote ni akili, na hakuna diplome yenye inaiandika.

MASHINI ZA TAA NA PEDALI

Mu vita ya pili ya dunia, Wamarekani walihitaji marubani kwa maelfu, na vijana wengi walikuwa wanashindwa mu masomo ya kurusha ndege. John Flanagan aliongoza programu ya saikolojia ya jeshi la anga. Mitihani ya karatasi ilikuwako, lakini waliona haitoshi. Wakatengeneza mashini. Moja ilikuwa sahani yenye kuzunguka na doa dogo juu yake: wewe unashika fimbo ya chuma, na unapaswa kukaa juu ya doa lile bila kuliacha. Nyingine ilikuwa na fimbo na pedali sawa vile za ndege: taa zinawaka mbele yako, na unapaswa kupeleka taa zako zifanane nazo, mikono na miguu pamoja, mara tena na tena, wakati saa inahesabu.

Alama za mashini zilichanganywa na alama za karatasi, zikatoa namba moja, kutoka 1 mpaka 9. Halafu wakafanya jambo lenye wakubwa wachache wangelikubali. Waliingiza vijana zaidi ya elfu moja mu masomo ya urubani bila kufuata alama zao, hata wale mutihani ulikuwa umewakataa, ili kuona kama kipimo kinasema kweli. Kilisema kweli: wale wa namba za chini kabisa karibu wote walishindwa, na wengi wa namba za juu walimaliza.

Tunaomba mulishike hili muzuri, juu mutalihitaji. Walikuwa mu vita, tena vita ya dunia nzima. Siku mukubwa fulani atawaambia "inchi iko mu vita, hatuna wakati wa kupima watu moja moja", mumujibu kama vita njo sababu ya kupima. Wakati wa amani, mutu mwenye amewekwa fasi yenye haimufai anapoteza siku. Wakati wa vita, anapoteza maisha yake na ya wenzake.

Lakini kisha vita mashini zile ziliwashinda. Zilikuwa nzito, ziliharibika, na ilikuwa kazi ngumu kuzifanya zote zipime sawasawa. Wakati mitihani ilipelekwa mu vituo vingi, mbali na mafundi, haikuwezekana tena kuzilinda. Mu 1955 jeshi la anga liliziacha na kubaki na karatasi. Mikono haikupoteza maana yake siku ile. Kilichokosekana ni namna ya kuipima kwa haki fasi zote.

Fundisho la pili: kipimo chenye hakiko sawa kwa wote kinapaswa kungoja, hata kama wazo lake ni muzuri.

ORDINATERE INARUDISHA MIKONO

Kati ya 1976 na 1980 kosa kubwa lilipita. Matoleo mapya ya ASVAB yalihesabiwa vibaya, na alama za wale wa chini zilionekana juu kupita ukweli. Vijana mamia ya maelfu waliingia jeshi wakati, kwa kanuni zao wenyewe, hawakupaswa kuingia. Jambo lile lilipotoka inje, Bunge lao liliuliza ulizo lenye kila Bunge linapaswa kuuliza: hizi alama munazozitumia kuchagua watoto wetu, zinatabiri nini? Mwenye alama ya juu, njo atakuwa askari muzuri ku kazi yake? Muko na ushuhuda?

Mu 1982 jeshi la inchi kavu lilianza utafiti mukubwa wenye kuitwa Project A. Walipima askari wapya makumi ya maelfu, kisha wakawafuata mpaka ku kazi. Hawakuridhika na maoni ya makomanda tu: waliwatazama askari wakifanya kazi yenyewe, hatua kwa hatua, na wakaandika.

Ku testi zile waliongeza ordinatere yenye meza ya pekee: maneti, vifungo, vitelezi vya kusukuma na vidole. Unafuata shabaha yenye inatembea. Unakisia ni wakati gani upige ili risasi ikutane na kitu chenye kinapita. Mashini inahesabu, kwa sehemu za sekunde, unachukua muda gani kuamua. Tatizo la 1955 likapata dawa, juu programu moja inaweza kupima namna moja mu vituo mia.

Na walikuta nini? Kwa kazi nyingi, mutihani wa kawaida ulikuwa tayari unasema sehemu kubwa, na mikono iliongeza kidogo tu. Lakini kwa kazi za kulenga, sawa kupiga muzinga wa kifaru ao kuongoza kombora la kuvunja kifaru, testi za mikono ziliongeza kitu cha kweli.

Mu miaka ya 1990 majeshi yao yalijaribu pamoja testi nyingine mpya, ndani yake zile za kufuata shabaha kwa mukono moja na kwa mikono miwili. Mwishoni, mu ASVAB ya wote waliongeza moja tu: kuona mu kichwa namna vipande vya picha vinaungana. Ile ya mikono haikuingia. Sababu zilikuwa wazi. Vifaa vya pekee vinapaswa kununuliwa na kulindwa mu kila kituo. Alama zinapanda wakati mutu anarudilia testi. Tena, wanawake, kwa wastani, walipata alama za chini kuliko wanaume ku testi za kufuata shabaha, na faida yenye ilipatikana kwa kazi nyingi ilikuwa ndogo.

Kwa marubani waliamua tofauti. Jeshi la anga la Marekani lilirudisha testi za mikono ku ordinatere mu miaka ya 1990, na tangu 2006 linatumia ile yenye kuitwa TBAS, ya fimbo na pedali. Alama yake inaunganishwa na mutihani wa maandishi na saa zenye mutu amekwisha kurusha ndege, inatoa namba moja kutoka 1 mpaka 99. Jeshi la maji lilifanya vile mu 2013: mukono moja ku fimbo, mwingine ku kiongozo cha mwendo, na masikio yanasikiliza sauti mbili kwa wakati moja. Hata wale wenye kurusha droni, wenye hawatoke chini, wanapimwa kwa namba ile ya jeshi la anga.

Kumbe jibu lao halikuwa "ndiyo" ao "hapana". Lilikuwa: ku kazi gani?

MUSIMAMO WETU

Sisi tunaunga mukono kupima mikono, kwa kila kazi yenye inaomba mikono. Na tunajua tunachosema, juu mutihani wa maneno njo unatufaa sisi. Wengi wetu tuko na lisansi, na hatuna kazi. Wakitoa leo karatasi ya Kifaransa na hesabu mu muji wowote wa inchi hii, sisi njo tutakuwa mbele, na mumotari mwenye aliacha masomo mu mwaka wa sita wa primere atakuwa nyuma. Lakini karatasi ile haitamutoa mutu mu shimo siku kamio inateleza ku barabara ya matope. Hatutaki inchi ilindwe na wale wenye wanajua kuandika dosiye tu.

Tunasema ndiyo, lakini kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza: kipimo kifungwe ku kazi yenyewe. Dereva wa kamio, fundi wa redio, munganga wa kufunga vidonda, mutu wa droni, mutu wa kutegua mabomu: kila moja mikono yake iko na kazi yake. Mutu wa kutegua mabomu anahitaji vidole vyenye havitetemeki, haraka itamuua. Dereva anahitaji miguu na mikono vyenye vinapatana. Ukichukua testi moja ya kulenga shabaha na kuipima inchi nzima, umetengeneza ubaguzi mupya wenye sura ya sayansi. Na testi yenye haijalinganishwa na kazi, kwa kufuata watu mpaka ku kazi sawa walivyofanya wale wa Project A, inabaki muchezo tu.

Sharti la pili: kila mutu apewe wakati wa kuzoea mashini mbele ya kupimwa. Kijana mwenye amekulia na maneti ya PlayStation mu mikono, na musichana mwenye amekulia na jembe na mutoto ku mugongo, hawaanzi fasi moja. Mu miaka ya 1950 Edwin Fleishman, mutafiti wa jeshi la anga la Marekani, alionyesha kama mutu akizoea kazi ya mikono, uwezo wenye ulimusaidia siku ya kwanza hauko tena ule wenye unamusaidia kisha kurudilia mara mingi. Mwenye anaanza pole anaweza kufika mbali. Na huku kwetu, mu miaka ileile, André Ombredane na wenzake walitoa mutihani wa picha kwa watu wa Kongo, wakaurudilia mara kadhaa kwa watu walewale. Alama zilipanda. Akili haikuongezeka kwa siku chache. Kilichopungua ni ugeni. Basi mwenye anapima mara moja tu, kwa mutu mwenye hajawahi kugusa mashini, anapima ugeni wake.

Hapa njo tunawakumbuka dada zetu. Tukisikia kama mu Marekani wanawake walipata alama za chini ku testi za kufuata shabaha, hatutakubali mutu achukue maneno yale na kufunga mulango. Wastani wa kundi hauambii kitu juu ya mutu moja mwenye amesimama mbele yako. Dada mwenye mikono yake inaweza, apimwe, apite.

Sharti la tatu, na kwetu njo lenye uzito kupita yote: mukono wa mutu usigeuzwe gereza yake. Tunatoka mu historia yenye ilitugawanya vile. Mu Force Publique, mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa ofisa hata moja wa Kongo. Wakongo walibeba bunduki na mizigo, Wabelgiji walibeba vyeo. Siku chache kisha, askari waliasi, na tunajua bei yenye inchi ililipa. Mu Afrika ya Kusini, Simon Biesheuvel, mwenye alikuwa ameongoza testi za jeshi la anga mu vita ya pili, alitengeneza kisha vita testi za vitendo kwa wafanyakazi weusi wa migodi. Maelezo yalitolewa kwa filamu yenye haina maneno, ili watu wa lugha mbalimbali waelewe. Wazo lenyewe lilikuwa na akili, hata leo linaweza kutufaa. Lakini inchi ile ilikuwa na sheria zenye ziliwafungia weusi kazi za ufundi mu migodi. Testi ilipanga watu ndani ya zizi, haikufungua zizi.

Kwa hiyo tunasema: kipimo cha mikono kiwe mulango wa kuongeza, kisiwe sanduku la kufungia. Mwenye mikono ya zahabu na masomo kidogo aingie kwa mikono yake, halafu jeshi limufundishe kusoma ramani na sheria, apande cheo sawa wengine. Tusijenge tena jeshi lenye vichwa vinatoka upande moja na mikono inatoka upande mwingine.

NA KWETU, LEO?

Kuko watu watasema: munaota. Mu Marekani kuko makuta, kwetu hata buti za askari ni shida. Tunajibu mambo mawili.

La kwanza, vifaa. Mashini za 1943 zilikuwa za gereji nzima. Leo ordinatere ya kawaida na maneti ya muchezo vinaweza kupima mambo mengi yenye mashini zile zilipima. Na kazi nyingine hazihitaji hata ordinatere: nati na vifungo vya chuma, uzi wa kupitisha mu tundu, saa ya kuhesabu, na kanuni moja kwa wote. Kilicho ghali ni uaminifu wa kufuata kanuni ile Kisangani namna ileile inafuatwa Lubumbashi.

La pili, sheria. Hatuombi zawadi. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2006 kinasema kama watu wa jeshi katika kila ngazi, na kazi za komandema, vinapaswa kufuata vipimo vyenye havitegemei sura ya mutu: uwezo wa mwili, masomo yenye kutosha, mwenendo muzuri wenye umehakikishwa, na majimbo yote kupata sehemu yao kwa haki. Vile njo Katiba inasema, tangu 2006. Uwezo wa mwili hauko tu kukimbia kilometa na kuinua mikono juu. Mukono wenye unatulia, jicho lenye linaona haraka, muguu wenye unatii: ile yote ni mwili. Wenye kuandika kanuni za kuchagua watu wanaweza kuanza kesho, Katiba imekwisha kuwafungulia njia.

Wengine watasema: hata muweke mashini ya aina gani, wakubwa watapitisha watoto wa ndugu yao. Tunawasikia, na hatuko watoto. Mashini haikule rushwa, lakini mutu mwenye anachapa liste kisha mashini anaweza kula. Njo maana tunasema mbele ya wote. Alama yenye inakaa mu sanduku ya mukubwa ni karatasi ya mukubwa. Alama yenye mwenye kupimwa anapewa mu mukono siku ileile, na mwenye kushindwa anaweza kuikatia rufaa, ile njo inaanza kuwa haki.

Na mbele ya mikono, mbele ya maneno, kuko kipimo cha kwanza: umri. Inchi hii iliona kadogo wakiingia vitani mu 1996, watoto wenye bunduki ilikuwa karibu kuwapita urefu. Tarehe 14 Machi 2012 Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimukuta Thomas Lubanga na kosa la kuandikisha na kutumia vitani watoto wenye hawajafikisha miaka 15. Mutoto wa miaka 14 anaweza kuwa na mikono myepesi kushinda watu wazima wote ku maneti. Ile alama yake haina kazi. Mulango wa umri ukifungwa, hakuna testi yenye inaweza kuufungua.

TUNADAI

1. Kanuni za kuchagua na kupanga askari wapya zitangazwe zote, mu Kifaransa na mu lugha nne za taifa, kabla ya kila wimbi la kuandikisha.

2. Kwa kazi za udereva, ufundi, redio, uganga, mizinga, droni na kutegua mabomu, kipimo cha mikono na macho kiongezwe, chenye kimejaribiwa kwanza ku askari wenye wanafanya kazi ile leo.

3. Maelezo ya testi yatolewe mu lugha yenye mutu anasikia, ao kwa picha na mufano, na kila mutu apewe muda wa kuzoea mbele alama ianze kuhesabiwa.

4. Kila mwenye kupimwa apewe alama zake ku karatasi, na njia ya rufaa.

5. Bunge, kwa komisio yake ya ulinzi, lipewe kila mwaka hesabu: wangapi walipimwa, kutoka jimbo gani, wanawake wangapi, wangapi walipita, na namna alama zile zilifanana na kazi yao kisha mwaka moja.

6. Umri uhakikishwe mbele ya yote, kwa karatasi na kwa ushuhuda, na mutu mwenye ataandikisha mutoto afikishwe mbele ya sheria.

Kwa ninyi vijana wenzetu: musingoje wakubwa wasome maandishi haya. Muyapeleke kwa mudepite wenu, muyasome mu redio ya mutaa, muyatafsiri mu Lingala, mu Tshiluba, mu Kikongo. Mukikuta kijana mwenye ameamua kwenda kujiandikisha, musimucheke na musimusukume. Mumufundishe kuuliza maulizo matatu ku mulango: Munapima nini? Kinafanana na kazi gani? Nitaona alama zangu wapi?

Serikali yenye inaomba mikono ya vijana wake ijue kwanza mikono ile inaweza kufanya nini, na ikubali kutuonyesha namna iliipima.